Siku Niliyoikwamisha Garati Chini ya Dirisha la Mama

Mimi ndiye yule mtu wa treni. Nasema mapema ili msije mkanitazama usoni na kujiuliza kama ndiye au siye. Tangu Sikukuu ndogo iliyopita, ile Idi ya kumaliza Ramadhani, nikipita vichochoroni kwetu Mji Mkongwe, kuna watu wazima na heshima zao, wamekaa barazani na vikombe vya kahawa mkononi, wananipigia honi kwa midomo, na mimi napita kimya kama sikusikia, maana nitajibu nini. Sasa nimeona bora niieleze mwenyewe, kwa sababu kila anayeieleza anaiongezea: wanasema bwana harusi aliungua (hakuungua), wanasema nilikaa mle ndani mpaka Magharibi (sikukaa hata muda wa saa moja), na wanasema nililia. Hilo la kulia ni kweli, lakini kidogo, na nitawaambia lilikuwa wapi.

Jina langu Makame, fundi wa mabati. Natengeneza ndoo, majiko, mifereji ya mvua, na masanduku ya wanaosafiri. Shule niliishia darasa la saba, na hata hilo la saba sikulimaliza vizuri. Baba yangu alifariki mwishoni mwa Rajabu. Alikuwa mtu wa hapahapa Unguja, lakini ujanani alivuka kwenda bara, akapata kazi ya reli Tabora, akaanza kwa kuchochea moto kwenye injini za mvuke na akamaliza akiwa dereva. Mama alimfuata huko akiwa bi harusi, na mimi nimezaliwa hukohuko, ila nililetwa mdogo mno, sikumbuki kitu. (Watu wa mjini ukiwatajia treni wanaanza kukueleza ile ya Bububu ya zamani, waliyoisikia kwa babu zao. Baba alikuwa akiwaacha wamalize, kisha anasema kwa upole kwamba ile yeye hakuijua, hakuwa amezaliwa.)

Baba hakuwa msemaji, mpaka umtajie Garati. Hiyo ndiyo ilikuwa injini yake. Reli ya bara, akisema, ilikuwa nyembamba, upana wake mita moja tu, na kona zake nyingi, na mzigo ni mzito, sasa ukiweka injini moja ndefu itatoka nje ya reli kwenye kona ya mwanzo. Kwa hiyo Garati ilikuwa na sehemu tatu. Mbele gari la tangi la maji na magurudumu yake, nyuma gari jingine la mafuta na magurudumu yake, na katikati boila nene la kuchemshia maji limelala juu ya hayo magari mawili kama mgonjwa juu ya machela, limeshikwa kwa viungo viwili, kimoja mbele kimoja nyuma. Baba akiviita viungo hivyo viuno. Alikuwa akisema injini nyingine zote ni maiti, zimekakamaa, ila Garati ina viuno viwili, ikifika kwenye kona inajinyonga taratibu, unachungulia dirishani unauona mkia wake unakuja nyuma yako. Na kila mara alimalizia kwa maneno yale yale, kwamba viuno havikazwi, vinatiwa mafuta na vinaachiwa vicheze.

Maneno haya nimeyasikia labda mara elfu. Mnisikilize vizuri hapo, nisije nikasema baadaye kwamba sikuambiwa.

Baba alipofariki mimi sikulia. Nawaambieni kweli. Watu walikuja, wakakaa jamvini, hitima ikasomwa, mimi nikazungusha kahawa na halua, nikapokea mikono ya watu, nikasema alhamdulillah, na ndani nilikuwa kama ndoo iliyokauka. Mama aliingia eda, miezi minne na siku kumi za mjane kukaa ndani. Alikaa chumba cha juu kwenye nyumba yetu ya zamani, karibu na dirisha, kajitanda nguo nyeupe, na maneno yakampungua mpaka ikawa siku nzima hasemi ila kuitikia salamu. Shangazi, Bi Zuhura, dada yake baba, alihamia pale kumwangalia, na kwa kweli alikuwa akimwangalia mama na akituangalia na sisi wengine wote kwa jicho lile lile.

Mimi nilirudi karakana, lakini mikono haikutaka ndoo. Nikaanza kukata bati. Sikujua natengeneza nini, wallahi sikujua, mpaka siku nilipoyaunga mapipa mawili matupu, nikayakata vitako yakawa mwanzi mmoja mrefu, nikarudi nyuma kuutazama, nikasema hili ni boila. Baada ya hapo nilijua. Rafiki yangu Othman, hamali wa bandarini, alinipa magari yake mawili ya kusukuma, yale mabovu, nikayafanya la mbele na la nyuma. Nikaweka tangi, nikaweka dohani, na ndani ya boila nikaweka kopo la makumbi ya nazi yanayofuka ili moshi utoke juu. Mbele ya boila niliweka mlango wa duara unaofunguka, maana baba alisema ulikuwepo, wa kusafishia masizi. Nyuma ya boila nikajenga chumba cha dereva, kisicho na paa wala sakafu, kwa sababu dereva mwenyewe ni mimi na nilikuwa natembea kwa miguu humo ndani huku nasukuma. Na nikafunga honi ya zamani ya lori, ile ya mpira wa kuminya. Nia yangu ilikuwa Sikukuu pili, siku ya pili ya Idi, niipeleke Mnazi Mmoja, watoto wapande wazungushwe uwanjani.

Siku moja nimempelekea mama mkate, akaniuliza makelele ya nyundo ni ya nini, watu wanamwambia ninajenga kitu. Nikamwambia Garati. Akauweka mkate chini, akasema, "Basi na mimi nitaionea wapi, mwanangu, nami niko eda."

Neno hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Njia ya kutoka karakana kwangu kwenda Mnazi Mmoja ni nyepesi, unatoka barabara kubwa na unanyooka. Mimi nikaamua nipitishe kichochoroni, chini ya dirisha lake, aione. Nikaenda kumwomba ruhusa Shangazi. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Ipitishe," akasema, "lakini kama unapitisha jeneza. Nisisikie ngoma, nisisikie vigelegele, wala nisisikie hiyo honi yako. Watu wasije wakasema watoto wa marehemu wamechoka na eda ya mama yao."

Nikamwambia hatasikia kitu. Niliahidi kwa moyo safi kabisa.

Sasa Sikukuu pili asubuhi tukaijaribu mbele ya karakana. Othman akavuta mbele, mimi nikasukuma nikiwa ndani, na ikaenda, inakunja mbele, inakunja nyuma, kama alivyosema baba. Lakini ile sehemu ya nyuma ilikuwa inatikisika, ikienda kushoto kidogo inarudi kulia kidogo, na watu waliokuwa barazani wakaanza kuguna. Othman (huyu anacheka popote, hata msibani kwetu ilibidi atolewe nje mara moja) akasema injini yangu inatembea kama bata anayekwenda kutaga. Baraza zima likacheka. Mimi nikacheka pia, ili nionekane sijali, lakini nilijali sana. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya ya Sikukuu, nina miaka arobaini na sita, baba yangu yuko kaburini, na kitu nilichomjengea kinaitwa bata.

Walipokwenda msikitini kusali Adhuhuri mimi nilikawia nyuma. Nikachukua spana, nikapiga magoti, nikakikaza kiuno cha nyuma. Nilikaza mpaka nati ikalia. Nikaitikisa, haitikisiki. Nikaona nimefanya la maana, nikafunga karakana nikaenda kusali, na katika sala hiyo sikumwomba Mungu chochote kuhusu kona.

Tukaondoka kiasi saa tisa. Mwanzoni ilikwenda vizuri mno, kichochoro kimenyooka, moshi unatoka dohanini kidogo kidogo, mkia hautikisiki hata chembe, Othman anageuka kunitazama na nyusi juu, watu wanasimama milangoni wanatupisha. Kisha tukafika kwenye kona ya kwetu. Wanaoijua wanaijua: upande mmoja ukuta wa nyumba yetu, upande wa pili baraza ya mawe imejitokeza, na katikati hapo punda na gari lake hupita kwa kusali. Othman akakunja. Kiuno cha mbele kikajinyonga vizuri kabisa, na mimi nikainua macho nikamwona mama dirishani. Alikuwa kashika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Nilimtazama yeye, sikutazama ukuta.

Nikasikia kwaruzo refu, kisha kishindo, kisha hatukwenda tena.

Nyuma haikukunja. Boila na gari la nyuma vilikuwa kitu kimoja kirefu kilichokakamaa, kimejipachika kwenye kona kwa ubavu, kichwa kimebanwa na ukuta wa nyumbani kwetu na mkia umepanda kwenye baraza ya watu. Chumba changu cha dereva kilikuwa kimejiminya na kimeniminya na mimi humo, mlango wake umezibwa na ukuta, na nafasi iliyobaki ilinitosha kupumua na kugeuza shingo. Nikamwambia Othman avute. Akavuta. Wanaume wanne wa barazani wakaja nyuma kusaidia, wakasukuma kwa nia njema, na kila wakisukuma ukuta unanisogelea, na paja langu linauminya ule mpira, na honi inalia. Wakisukuma, inalia. Wakiacha, inanyamaza. Mimi napiga kelele wasisukume, na sauti yangu inaingia ndani ya mapipa inatokea mbele nzito kama ya mtu mwingine, na Othman anadhani namhimiza, anavuta zaidi. Honi ililia mara saba au nane, na hiyo ilikuwa ni honi ya lori la mawe, si kitu cha kusema jirani hakusikia.

Shangazi akatokea mlangoni. Alisimama tu, kakunja mikono, ananitazama kupitia kitundu cha dirisha langu la bati, na mimi namtazama, na honi ikalia tena.

Nikasema moyoni, sasa imekwisha, haiwezi kuwa mbaya kuliko hivi. Hapo ndipo niliposikia dufu.

Nawaapia sikujua kama kuna harusi. Ilikuwa Sikukuu pili, harusi ni nyingi, na bwana harusi mmoja, kijana mpole anaitwa Talib, alikuwa anapelekwa msikitini kufungishwa nikaha baada ya Alasiri, na njia yake ni hiyohiyo, yeye anakuja mbele yetu na msikiti uko nyuma yetu. Wakaja na kasida zao na dufu zao, na kanzu nyeupe, na vijana wamembebea mwavuli, na walipofika mbele ya mlango wa duara wa boila wakasimama, lakini wa nyuma hawakujua kwa nini wamesimama, wakaendelea kupiga. Kina mama wa nyumba za pembeni walipoona bwana harusi kasimama palepale wakampigia vigelegele. Basi ikawa chini ya dirisha la mwanamke mwenye eda kuna ngoma, kuna vigelegele, na kuna honi, na vyote nimevileta mimi. Kama ningepata shimo la kuingia ningeingia, lakini nilikuwa tayari nimo ndani ya kitu.

Ami yake bwana harusi, Bwana Seif, mtu mnene wa joho jeusi na jambia kiunoni, akapita mbele akaligonga boila kwa fimbo.

"Nani mwenye pipa hili?"

"Mimi, Bwana Seif," nikasema mle ndani. "Shikamoo."

Alirudi nyuma hatua mbili, kisha akaitikia marahaba kwa sababu ni mtu wa adabu, ila aliliitikia pipa. Othman akamweleza kwamba tumekwama, ila kuna njia ya kuzunguka, warudi kidogo wapite uchochoro wa pili. Bwana Seif akasema hapana. Bwana harusi akishatoka kwao kwenda kuoa harudi nyuma, hata hatua moja, akirudi ni mkosi na ndoa haikai. (Sijui limeandikwa wapi hilo, na mwalimu mmoja aliyekuwa katika msafara alijaribu kusema halikuandikwa popote, lakini alinyamazishwa.) Kadhi kashafika msikitini, anangoja. Watu wakaanza kubishana, wengine wanasema tuivunje kwa mashoka, wengine wanasema apandishwe juu ya paa, na wote wananiuliza mimi, na kila nikijibu honi inalia.

Yule Talib mwenyewe alikuwa analitazama boila. Akainama, akaufungua ule mlango wa duara, akachungulia.

"Huku kunatokea?" akauliza.

Nikamwambia kunatokea kwangu, na kutoka kwangu anaweza kupanda juu ya gari la nyuma akarukia upande wa pili, lakini humo mna masizi. Akasema haidhuru. Akalitoa lile kopo la makumbi kwa ncha ya mwavuli, akavua joho lake akamkabidhi ami yake, akaingia kichwa mbele. Nikawa nasikia pipa linanguruma, goti, mkono, goti, mkono, na ami yake anapiga kelele kwa nyuma kwamba anavua heshima ya ukoo. Kisha kilemba kikatokea mbele ya kifua changu, kisha uso, kisha mabega, tukawa tumesimama pua kwa pua ndani ya chumba kilichokuwa hakinitoshi hata mimi peke yangu.

"Assalamu alaykum," akasema.

"Waalaykumu salaam," nikasema. "Hongera."

"Ahsante. Baba yako nilimjua. Pole."

Akanikanyaga begani, kwa heshima, akatoka juu, akaruka. Nguo yake nyeupe ilikuwa nyeusi kuanzia kifuani mpaka magotini. Wawili wa wale wanne wa nyuma wakampokea na wakaondoka naye mbio msikitini, na Bwana Seif, ambaye kwa mwili wake asingeingia hata kwenye mapipa matatu, akabaki kaingiza kichwa kwenye mlango wa duara anaita, "Talib, usikubali chochote mpaka nije."

Mwangwi wa sauti yake ulifika mpaka kwangu. Othman akakaa chini kwa kucheka.

Ndipo nikasikia juu, "Makame."

Si kwa sauti kubwa. Lakini pale mtaani watu walikuwa hawajaisikia sauti ile tangu siku ya msiba, na waliokuwa wanacheka waliacha, na wapiga dufu wakashika dufu zao kwapani.

"Naam, mama."

"Kiuno cha nyuma hakichezi."

Yeye alikuwa anatazama kutoka juu, peke yake ndiye aliyeiona injini nzima. Sisi sote chini tuliona kila mtu kipande chake.

"Hakichezi, mama."

"Umekikaza?"

Ningeweza kusema kimejikaza chenyewe, au kimeshika kutu. Hakuna aliyeniona. Lakini kumdanganya mama nikiwa nimebanwa ukutani kwake, na yeye yumo edani, sikuweza.

"Nimekikaza."

"Baba yako alikwambia nini?"

"Visikazwe."

"Sasa kwa nini?"

Kichochoro kizima kilikuwa kinasikiliza, harusi ya watu inasikiliza, Shangazi anasikiliza, na mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikasema ndani ya bati, "Wamenicheka, mama."

Hapo ndipo nililia. Haikuwa kwa sababu ya kubanwa. Ilikuwa ni lile swali, baba yako alikwambia nini, nikatambua kwamba ameshasema yote aliyokuwa nayo ya kuniambia, na hataongeza tena. Nililia bila kujifuta, kwa kuwa mikono ilikuwa haifiki usoni.

Mama aliondoka dirishani. Alikaa kidogo, kisha kikateremka kile kikapu chake cha kamba, ambacho mwenye mkate na mwenye mboga humtilia vitu humo asishuke, na ndani yake mlikuwa na spana ya baba ya kazini, ndefu kama mkono wa mtu, imefungwa kwa kitambaa. Mimi mwenyewe sikujua kama anayo. (Yangu ilikuwa karakana, na karakana nimeifunga, na ufunguo uko mfukoni, na mfuko uko upande wa ukutani.) Othman akaipokea, na hapo hakucheka, akalala chini ya gari la nyuma na nguo zake za Sikukuu, akalegeza ile nati, na niliisikia ikilia tena, kwa kurudi.

Othman akashika mbele avute, mama akamkataza kutoka juu.

"Usivute huko. Mume wangu hakuwa akiigeuza. Akifika mwisho wa reli hurudi nayo hivyohivyo, nyuma inakuwa mbele. Irudisheni."

Tukairudisha. Wale wanaume wawili waliobaki nyuma wakavuta, Othman akasukuma, mkia ukajikunja, ukateremka barazani, boila likaufuata, na ukuta ukaniachia. Honi ikalia mara moja ya mwisho, na nadhani ilikuwa ni mimi mwenyewe nilipouondoa mguu. Tulitoka kichochoroni kinyumenyume tunatikisika kama bata, na nyuma yetu, au niseme mbele yetu, harusi nzima inatufuata kwa haraka, Bwana Seif akiwa wa kwanza na joho la Talib mkononi, akiomba Mungu kijana awe hajakubali chochote.

Alikuwa keshakubali. Kadhi alimwozesha na masizi yake. Kijana akinikuta njiani mpaka leo ananisalimu vizuri sana. Ami yake bado.

Mnazi Mmoja sikwenda. Niliiacha injini kwa Othman, nikanawa uso, nikapanda juu kumrudishia mama spana na kumwomba radhi. Shangazi alinipisha mlangoni akanieleza alichokuwa nacho, na kilikuwa kirefu, na nilistahiki chote. Kilichomwuma zaidi si dufu wala honi, ni kwamba mama alizungumza na mtaa mzima kupitia dirishani, na keshatuma mtu kwa sheikh kuuliza kama eda imeingia dosari. (Jibu lilikuja kesho yake: haikuingia. Sheikh aliongeza kwamba yeye mwenyewe angependa kuiona hiyo injini.)

Mama alikuwa kakaa mahali pake. Nikambusu mkono, nikamwambia nisamehe, nilitaka uione tu, sasa nimekuvunjia heshima na baba nimemwaibisha.

Akaniambia, "Haifanani."

Mama hajawahi kumwambia mtu uongo wa kumfurahisha. Akanieleza tangi la mbele ni fupi, dohani ni refu mno, taa sikuweka kabisa. Alieleza kwa kidole hewani, hapa hivi, hapa hivi, na mimi nikawa nasikiliza si kwa ajili ya tangi, ila kwa sababu alikuwa anasema. Kisha nikaona bega linamtikisika, nikadhani analia, nikamsogelea.

"Haifanani," akasema tena, "lakini imekwama kama yake."

Nikamwuliza vipi imekwama kama yake. Baba hakukwama hata siku moja. Katika hadithi zote nilizosikia baba alipanda milima, alivuka mito iliyofurika, alifika kwa saa yake.

Mama akasema ndiyo, hizo ndizo alizokuhadithia wewe. Na yeye akanihadithia hii nyingine. Baba alikuwa bado mchochezi wa moto, na mama ana mimba yangu, na mimba ile ilikataa kila chakula isipokuwa asali. Treni ikasimama stesheni moja ndogo porini kutia maji. Baba akaona watu wanauza asali ng'ambo ya reli, akamwambia dereva narudi sasa hivi, akaenda. Ile ya kwanza hakuipenda, akaambiwa nzuri iko nyumbani kwa mzee, akaenda nyumbani kwa mzee, na nyumbani kwa mzee ikabidi asubiri irinwe. Garati nzima, na mabehewa yote nyuma yake, na abiria wote, vikasimama vinamngoja mtu mmoja, moto ukalegea, mvuke ukashuka, dereva anapiga honi porini anapiga tena, mpaka baba akatokea kwenye nyasi anakimbia na debe kichwani, uso umevimba kwa nyuki jicho moja halifunguki, na abiria wametoka vichwa madirishani, behewa baada ya behewa, wanamcheka mpaka alipofika mbele. Ikabidi wangoje tena mpaka mvuke upande. Tabora nzima ilijua. Miezi mingi akipita sokoni watu walikuwa wanamvumia kama nyuki, na alimwapisha mama asije akanieleza maadamu yeye yu hai.

"Ile asali nimekula mimi," mama akasema, "lakini ilikuwa yako."

Akacheka mpaka akaishiwa pumzi, na mimi nikacheka, na Shangazi, aliyekuwa kasimama mlangoni muda wote anajifanya hasikii, akasema kwa sauti ya kukemea kwamba debe halikuwa moja, yalikuwa mawili, kaka yake aliandika barua.

Basi. Honi nimeing'oa. Nimeapa kile kichochoro sitakipita tena na kitu chochote kilicho kirefu kuliko mwili wangu, na nati ya nyuma nimeiacha ilegee, itikisike, waseme bata. Lakini kiapo changu kikubwa si hicho. Nina watoto watatu, na wao kama mimi wataambiwa na watu nilivyojenga na nilivyounga na nilivyokuwa fundi. Nimeapa aibu zangu watazisikia kwangu kwanza, na jioni ileile niliwaita wote watatu, nikawakalisha, nikawaeleza mwenyewe tangu mwanzo, pamoja na kukaza, pamoja na kulia. Miaka arobaini na sita nimehadithiwa milima na mito. Ile asali ningeipenda zaidi, na ningependa anipe baba mwenyewe.